Vichupa Viwili vya Mate

Ain Draham, 28 Septemba

Kwa mama mdogo Raoudha,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuja nacho kwenye mazishi ya babu kimekuacha. Sisi wa huku hatujambo kwa kadiri tunavyoweza. Baba bado anachonga vijiko na mabakuli na kuyauza pale barabarani. Mama yuko vilevile.

Ni mimi Arij, mtoto wa pili wa dada yako Hayet. Siku ile ya mazishi uliniuliza niko darasa la ngapi, nikatazama viatu vyako mpaka ukaondoka. Samahani. Niko mwaka wa mwisho kasoro mmoja. Nakuandikia barua pepe kwa sababu nikipiga simu maneno yananikauka, mtu wa upande wa pili anabaki anaita "alo, alo" kama anayetafuta kuku.

Jambo lenyewe ni hili. Hospitali kubwa ya huko Tunis imemkubali dada Yosr kwenye orodha ya wagonjwa wa selimundu watakaotibiwa kwa mkasi wa vinasaba. Daktari alisema kabla ya chochote kuna kompyuta itakayoangalia mkasi huo unaweza kukosea wapi, na akamtaja mwanamke anayeiendesha. Baba akauliza, "Raoudha yetu?" Mama akasema, "Kwani wako wangapi?"

Najua wewe na Mama hamsemezani. Nimeambiwa kwamba siku ya henna yake ulisimama mbele ya wanawake wote ukasema asiolewe na baba kabla hawajapimwa damu, kwa kuwa ni binamu. Sijaandika ili kuzungumza hayo.

Naandika kwa sababu siuelewi mkasi huo. Shuleni sayansi tunafundishwa kwa Kifaransa, na nyumbani tunaumwa kwa Kiarabu, na mimi katikati sina la kumweleza Yosr. Yeye anafanya kazi saluni siku ambazo mwili unamruhusu. Anasema nikuulize hivi, nanukuu: "Kompyuta yake ingetabiri kwamba nitalikata sikio la mke wa mwalimu mkuu?" Alilikata kweli, mwaka jana. Mama yule bado anakuja, ila siku hizi anakaa ameshika masikio.

Mama hajui kwamba nimekuandikia.

Mwanao,
Arij


Tunis, 3 Oktoba

Arij mwanangu,

Wa alaykum salaam. Kikohozi kimepona, ahsante kwa kukikumbuka. Viatu vyangu navyo vilifurahi kutazamwa, kwa kawaida hakuna anayevijali. Mwambie Yosr kompyuta yangu haijui lolote kuhusu masikio, lakini swali lake ndilo swali lenyewe hasa.

Nitakueleza kama ninavyomweleza jirani yangu. Mwili una maandishi marefu mno, mabilioni ya herufi. Mkasi huu hupewa anwani ya herufi ishirini, uende hapo, ukate hapo tu. Ukikata vizuri, mwili unarudia kutengeneza damu ya kitoto, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama zetu, ambayo haijikunji wala haizibi mishipa. Tatizo ni kwamba katika maandishi marefu hivyo kuna anwani nyingine zinazofanana na ile, labda kwa tofauti ya herufi moja au mbili. Mkasi hauna macho. Unaweza kubisha hodi kwa jirani ukakata huko. Pengine jirani huyo ni ukuta mtupu, hakuna neno. Pengine ni jeni inayozuia saratani.

Kazi yangu ni kuandika programu inayosoma maandishi yote na kutoa orodha: hapa panaweza kukatwa, hapa kidogo, hapa sana. Ni utabiri. Na kila mtu ana orodha yake, kwa sababu herufi ambazo kwangu ziko hivi, kwako huenda ziko vile.

Mtaletewa vichupa viwili vya mate, kimoja cha Yosr na kimoja chako, ndugu mzima, ili tulinganishe. Huku vitafika vikiwa na namba, bila majina. Nimemwambia mkuu wangu kwamba mmoja wa wagonjwa ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mwenzangu Slim atasoma kila orodha pamoja nami.

Kuhusu henna: nilikuwa na miaka ishirini na moja, nilikuwa nimesoma kitabu kimoja. Nilichosema kilikuwa kweli, na nilikisema mahali pabaya. Hilo nalo liache.

Mama yako mdogo,
Raoudha


Ain Draham, 21 Oktoba

Mama mdogo,

Salamu nyingi. Huku baridi imeanza mapema, ukungu unaingia mpaka jikoni. Unajua baridi inavyomfanya Yosr. Juzi maumivu yalimshika kiunoni na miguuni, akalala siku nzima akiwa na chupa za maji ya moto kila upande. Anasema yeye sasa ni duka la chupa.

Vichupa vimekwenda. Muuguzi wa zahanati alivileta jioni, akasema tuteme asubuhi kabla ya kula kitu. Asubuhi ile Yosr alikuwa amelala kwa dawa, Mama akasema asiamshwe, atatema baadaye. Mimi nikatema changu. Halafu Mama akakitazama kwenye mwanga wa dirisha akasema kimejaa povu, akanipa kingine nikatema tena. Kutema mate hadi kwenye mstari ni kazi, ulimi unakauka kama mwanzi. Mama alikuwa ananifikirisha malimau ili yaje.

Nilimsomea Yosr maelezo yako. Nilipofika kwenye mkasi usio na macho alicheka sana. "Sasa mimi niliyekaribia kufukuzwa kazi kwa sikio moja, wao wanataka kuingia kwenye mabilioni?" Lakini baadaye alinishika mkono akaniuliza kama mimi naamini. Nikasema ndiyo. Sikuwa na hakika, mama mdogo. Ila ni rahisi kwangu kusema ndiyo kuliko kusema sentensi nzima.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nikiwa mdogo nilikuwa namwonea wivu kwa kuumwa kwake. Machungwa yalinunuliwa kwa ajili yake. Mama alilala chumbani kwake. Siku moja nilijilaza sakafuni nikalia mguu, Mama akaja mbio, akanishika mguu, akajua palepale. Hakunipiga. Alikaa tu chini karibu yangu.

Mwanao,
Arij


Tunis, 24 Novemba

Arij,

Hujambo, na wote hapo hawajambo? Natumai Yosr ameinuka.

Hospitali itawapigia kesho, kwa hiyo mimi sijakwambia. Orodha ya mgonjwa imetoka na ni safi. Slim ameisoma, mimi nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika. Sehemu zinazofanana na anwani yetu zipo, hazikosekani, lakini zote ziko mbali na jambo lolote la maana, na alama zake ziko chini kabisa. Tumesaini.

Mwambie Yosr ajikate nywele mwenyewe kabla dawa ya kusafisha uboho haijamnyoa. Yeye ndiye fundi.

Mama yako mdogo,
Raoudha


Ain Draham, 1 Desemba

Mama mdogo mpendwa,

Barua yako niliisoma nikiwa chooni shuleni, nikatoka macho mekundu, mwalimu wa hisabati akafikiri ni kwa sababu ya hesabu zake.

Sisi ni wazima, na zaidi ya wazima. Mama alipika mlukhia, na nyama ile ya mchuzi wa majani unajua haipikwi siku ya kawaida, ilikaa jikoni kutoka asubuhi mpaka nyumba nzima ikanukia majani ya mbei. Jirani akaja kuuliza kuna harusi. Baba akamwambia, "Karibu na hiyo."

Yosr amekwisha kunyoa. Alikaa mbele ya kioo cha saluni, akajikata mwenyewe, wanawake wakimsindikiza kwa vigelegele. Sasa anazunguka na kofia ya Baba akiita watu "wanangu". Ana mipango. Akipona anataka kufungua saluni yake Tabarka, na anataka kuingia baharini mwezi wa nne, wakati maji bado baridi, wakati watu wazima wenyewe hawaingii. Nikamwambia ni upumbavu. Akasema, "Bubu, ukiwa umekatazwa kitu maisha yako yote, unakitaka hata kikiwa cha kijinga."

Ananiita Bubu. Kwake sichukii.

Na jambo jingine. Mama alikuwa anakunja nguo, akasema bila kuniangalia, "Ukimwandikia mama yako mdogo mpe salamu." Nikamgeukia. Akasema, "Unafikiri sijui unaandika kwa nani, unavyotabasamu na simu kama umechumbiwa?"

Basi pokea salamu za Mama.

Mwanao,
Arij


Tunis, 9 Desemba

Arij mwanangu,

Leo nafupisha salamu, unisamehe. Soma ukiwa umekaa.

Faili ya ndugu mzima huwa tunaisoma mwisho, maana haina haraka. Leo nimeifungua, nikailinganisha na ya mgonjwa. Ndugu wa tumbo moja hufanana nusu hivi. Hizi mbili zinafanana mwanzo hadi mwisho, herufi kwa herufi. Ni mtu mmoja. Nikaangalia mahali penyewe pa selimundu. Faili zote mbili zina nakala moja nzima na moja mbovu. Yosr ana mbovu mbili, la sivyo asingeumwa.

Kwa hiyo orodha safi niliyoisaini si ya Yosr. Nadhani ni yako.

Programu yangu inatafuta anwani. Haiulizi mwili ni wa nani, nami sikuuliza. Ilikuwa kazi ya dakika chache kuuliza kwanza, na sikuifanya.

Nimesimamisha kila kitu asubuhi hii. Yosr hatapewa dawa ya uboho wiki ijayo. Wanawapigia simu leo.

Niambie tu, vile vichupa ulitema vyote viwili?

Raoudha


Tunis, 13 Desemba

Arij,

Hujajibu, na sitakulazimisha. Hospitali wamechukua mate ya Yosr mbele ya muuguzi, kwa hiyo jibu lako silihitaji tena kwa kazi. Nalihitaji kwa sababu nakuwazia.

Mama yako mdogo


Ain Draham, 17 Desemba

Mama mdogo,

Salamu. Sijui niandike sisi wazima au la.

Ndiyo. Nilitema vyote viwili. Uliponiuliza nilikaa na swali lako siku hizo zote, nikilitoa na kulirudisha. Nimejiuliza kama nilijua. Nadhani mikono ilijua, kichwa kilikataa kuambiwa. Kichupa cha kwanza hakikuwa na povu, mama mdogo. Nilikiona.

Simu ya hospitali ilipokuja Yosr ndiye aliyepokea. Akasikiliza, akasema ahsante, akakata. Akamuuliza Mama palepale, "Ulinifanyia nini?"

Mama hakukataa. Alisema, "Kwani mjomba wenu Mokhtar alikwendaje Libya? Kwa mkojo wa nani? Wa jirani. Akapita, akafanya kazi huko miaka, akajenga. Mashine inachagua wazima, kila mtu anajua. Nikaipa mzima." Baba akamwambia hii haikuwa mashine ya kibali cha kazi. Mama akasema, "Damu ni moja, wametoka tumbo moja, tofauti iko wapi?"

Halafu akasema lile lililokuwa chini ya hayo yote. Samahani kwa kuliandika. "Raoudha tangu siku ya henna yangu anatafuta mahali pa kusema hapana. Nilimpa mate yasiyo na sababu ya kusema hapana."

Yosr alisema, "Mama, ungenipoteza kwa ajili ya kumshinda dada yako?" Mama akakaa chini. Akasema, "Nilitaka upite tu." Akarudia hivyohivyo, nilitaka upite tu, mpaka Yosr akavua ile kofia, akakaa karibu naye, kichwa kikiwa kimenyolewa, akamwambia basi, Mama, basi.

Nilikuwa mlangoni. Kama kawaida.

Ukipata orodha ya kweli, nieleze mimi kwanza.

Arij


Tunis, 9 Januari

Arij mwanangu,

Natumai mmeuona mwaka mpya kwa heri, na kwamba theluji ninayoisikia kwenye habari haijawafungia njia.

Umeniomba nikueleze wewe kwanza. Hospitali watasema yale yale kwa maneno yao.

Kuna mahali ambapo kwa watu wengi hapafanani na anwani yetu vya kutosha. Tofauti ni herufi moja, lakini ni herufi ya kufunga mlango, mkasi unafika na kuondoka. Kwa Yosr herufi hiyo imebadilika. Mlango uko wazi. Na uko wazi katika nakala zote mbili, iliyotoka kwa baba na iliyotoka kwa mama, kwa sababu wote wawili waliirithi kwa bibi yetu mmoja. Mimi pia ninayo, moja. Nimejipima. Wewe huna hata moja, ndiyo maana orodha yako ilikuwa safi.

Mahali hapo pako katikati ya jeni inayozuia chembe za damu zisizaane ovyo. Pamepewa na programu alama ya juu. Kuna mpaka ambao alama ikiuvuka mgonjwa hapewi, na mpaka huo niliuandika mimi, mwaka juzi, kabla sijajua utamhusu nani.

Najua utaniuliza kama ingetokea kweli. Sijui. Pengine mkasi ungepita bila kugusa. Pengine ungekata, na mwili ungerekebisha. Pengine baada ya miaka mitano ningemwona Yosr kwenye wodi ya saratani ya damu. Kompyuta inasema tu kwamba mlango uko wazi, haisemi nani ataingia. Slim aliniambia, "Ukiwa na shaka na hesabu, mimi nitasaini peke yangu." Nikamwambia sina shaka na hesabu.

Tumeanza kutafuta anwani nyingine, ya herufi nyingine ishirini, kwa maandishi ya Yosr mwenyewe. Kazi hiyo huchukua miezi. Naifanya mimi, siachi kwa mtu.

Mwambie Hayet hapana hii sikuitafuta.

Mama yako mdogo,
Raoudha


Ain Draham, 15 Januari

Mama mdogo,

Salamu kutoka kwetu sote, hata kwa asiyezituma.

Nilimweleza Yosr mwenyewe. Nilizungumza muda mrefu, mama mdogo, sijawahi kuzungumza hivyo maishani, kuhusu milango na herufi, nikachora kwenye ukungu wa dirisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hiyo huo mkasi unaweza kuniua baadaye?" Nikasema unaweza. Akasema, "Na hii niliyonayo?" Akajijibu, "Kompyuta yake inasema inaweza. Hii yangu haisemagi inaweza."

Halafu akauona uso wangu, akageuza mazungumzo. "Mwandikie atafute hiyo nyingine, lakini asijivute, nina wateja."

Mama nilimfikishia maneno yako. Alikuwa anakanda unga. Alisema, "Mwambie nilimpa yaliyo safi akayatema." Nikasema hivyo sivyo ilivyo. Akasema, "Najua sivyo ilivyo, Arij. Acha niseme."

Baba amechonga bakuli moja tangu mwaka uanze, akalikwangua mpaka likatoboka.

Nywele za Yosr zimeanza kuota, fupi kama za mtoto wa kiume. Zinampendeza. Anasema atawashauri wateja nao wakate hivyo.

Nakuomba ufanye haraka. Najua huwezi kuharakisha. Nakuomba hivyohivyo.

Mwanao,
Arij


Tunis, 13 Februari

Arij, mwanangu,

Tumeipata. Sikuweza kungoja hata salamu, nakusalimu sasa, hamjambo wote?

Anwani mpya, kwa maandishi ya Yosr mwenyewe, mate yake mwenyewe, nimeuliza mara tatu ni ya nani. Hakuna mlango wowote ulio wazi karibu na kitu cha maana. Slim ameisoma kwa ukali wote. Imebaki kuijaribu kwenye chembe chache za damu yake hapa maabara, kisha kamati. Majira ya machipuko anaweza kuingia.

Mwambie Yosr. Mwambie wateja wasubiri. Na kama Hayet yuko karibu, msomee hii barua kwa sauti.

Mama yako mdogo,
Raoudha


Ain Draham, 19 Februari

Mama mdogo,

Assalamu alaykum. Nadhani habari umezipata kwa mjomba Mokhtar, lakini sijui alikueleza nini, yeye hukata maneno.

Theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Yosr alianza kwa maumivu ya kifua, tukafikiri ni yale ya siku zote. Alikuwa bado anatania. Jioni akaanza kupumua kwa shida, midomo ikabadilika rangi. Gari la wagonjwa lilikwama chini ya mlima, Baba na majirani wakambeba kwa blanketi mpaka lilipo. Walimfikisha hospitali ya Jendouba. Mapafu yalikuwa yameshajaa. Alifariki asubuhi, Mama akiwa amemshika miguu kwa sababu Yosr alikuwa akisema miguu ina baridi.

Tulimzika tarehe kumi na tatu. Wanaume walikwenda, sisi tukabaki ndani. Watu walipopungua nikashika simu ili tu nishike kitu, nikakuta barua yako. "Tumeipata." Niliisoma nimekaa juu ya kitanda chake.

Sikukasirikii wewe. Nimejaribu, ingekuwa afadhali. Nimejaribu pia kumkasirikia Mama, na kujikasirikia mimi kwa yale mate. Kama usingefungua faili yangu, labda leo yuko hospitali amenyoa kichwa na anapona. Labda. Na labda baada ya miaka angeumwa kile kingine. Nazunguka humo siku nzima.

Sasa nina ombi, na sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Barua ile sijamsomea Mama. Baba pia hajui. Mama anajua tu kwamba mlikuwa mnatafuta. Kila siku anasema, "Walikuwa hawajapata, ilikuwa hakuna namna." Analishika hilo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Njoo arobaini, mama mdogo. Kaa naye. Na akikuuliza, mwambie mlikuwa bado mnatafuta. Hilo tu.

Arij


Tunis, 25 Februari

Arij mwanangu,

Mungu amrehemu Yosr na awape subira. Mokhtar aliniambia kwa maneno manne. Nilikuwa maabara. Slim alinirudisha nyumbani.

Nitakuja arobaini. Kuhusu lile ombi, siwezi kukuahidi. Sikatai kwa sababu ya kiburi. Mara moja nilimwambia dada yangu kweli mbele ya watu nikampoteza karibu miaka ishirini, na sasa unataka nimrudie kwa uongo. Sijui kama ninaweza. Nitamwona uso kwanza.

Umesema unazunguka humo. Na mimi nimo humo, tunapishana. Sitakwambia njia ya kutokea maana siijui. Ila faili yako ilikuwa lazima ifunguliwe, Arij. Na kosa la kutoifungua mapema ni langu, usilibebe.

Kula. Nenda shule.

Mama yako mdogo,
Raoudha


Ain Draham, 27 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Natumai ulifika salama na basi halikukuchelewesha. Hapa tumebaki na kuskusi ya kulisha mtaa, na nyumba imekuwa kimya tangu wageni watoke. Baba amerudi barabarani na vijiko vyake.

Ulipokuwa jikoni na Mama mkiosha vyombo, mimi nilikuwa ghalani napanga sahani. Mlango haufungiki vizuri. Nilimsikia akikuuliza, "Mliipata?" Halafu sikusikia kitu, maji tu ya bomba, na wewe unasugua. Muda ulikuwa mrefu hivi kwamba nilijua utamwambia. Nikawa nimeshika sahani kifuani. Kisha ukasema, "Tulikuwa bado tunatafuta, Hayet." Mama akasema, "Ah." Akakupa sufuria nyingine.

Ahsante. Nilitaka barua hii iishie hapo, lakini sitaweza, maana kuna yaliyokuja nyuma yako.

Ulipoondoka Mama alikaa kwenye kiti ulichokuwa umekalia, akaivuta ile sufuria kubwa, akaitazama ndani. Akasema, "Raoudha akiwa mdogo, akidanganya alikuwa hana pa kuweka mikono. Lazima asugue kitu. Tazama, ameisugua mpaka imebadilika rangi." Nikasema, Mama. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Kumbe ilikuwepo."

Hakulia. Alikaa na sufuria mapajani. Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikaegemeza kichwa. Baadaye aliuliza ilipatikana lini. Nilimwambia siku yenyewe, kwa sauti, sentensi nzima. Akasema, "Siku hiyo tulikuwa tunamzika." Nikasema ndiyo.

Akawa ananipitisha vidole kwenye nywele. Halafu akasema, "Amejitahidi, maskini. Hajawahi kunidanganya kwa ajili yangu, siku zote alikuwa anadanganya kwa ajili yake." Alitaka kucheka lakini kicheko hakikutoka.

Nilimuuliza nikuandikie kwamba amejua, au nisikuandikie. Alifikiri. Akasema, "Mwandikie. Na umwambie aje kiangazi, akae siku za kutosha, aniambie vizuri hiyo anwani ilikuwaje."

Mwanao,
Arij